Kutoka Boriti Moja hadi Uzamivu: Mwongozo wa Kutafuta Nafasi za Utafiti na Kazi katika Mekanika ya Yabisi na ya Kompyuta

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, uhandisi wa ujenzi au hisabati, pamoja na mhandisi kijana aliyekwisha kuanza kazi, ambaye amesikia kwamba nafasi zipo katika mekanika ya yabisi na mekanika ya kompyuta lakini hajui mlango uko upande gani. Nimeupanga kwa hatua, ingawa hatua zenyewe hazilingani kwa urefu. Ya pili ni ndefu kuliko zote kwa sababu ndiyo ambayo watu wengi huiruka, na kwa kadiri nilivyosoma maombi ya vijana kwa miaka kadhaa, ndiyo inayomtenga anayejibiwa na asiyejibiwa.

Hatua ya kwanza: Ifahamu taaluma unayoiomba

Mekanika ya yabisi inashughulika na swali ambalo hata fundi wa paa hujiuliza: kitu kigumu kikibebeshwa mzigo, kikipashwa moto au kikitikiswa, kitapinda kiasi gani, na kitavunjika lini? Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kurefuka kwa springi kunalingana na nguvu inayoivuta. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alionyesha mzigo ambao ukifikiwa nguzo nyembamba hupinda ghafla hata kama chuma chake hakijazidiwa. Mwaka 1822 Augustin-Louis Cauchy aliweka dhana ya mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo ndani ya kitu, na mwaka 1921 A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo chenye ufa mdogo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa.

Milinganyo hiyo hutatulika kwa kalamu pale tu umbo linapokuwa rahisi, kama vile boriti, duara au bomba. Bawa la ndege, mfupa wa paja au ukuta wa bwawa haviingii katika kalamu ya mtu yeyote, na hapo ndipo mekanika ya kompyuta ilipozaliwa. Mbinu yake kuu ni ile ya elementi fainiti, ambayo hukata umbo gumu katika vipande vidogo vingi vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi, huandika mlinganyo mwepesi kwa kila kipande, kisha huikusanya yote ili kompyuta iitatue kwa pamoja. Makala ya M. J. Turner na wenzake, waliokuwa wakihangaika na ugumu wa mabawa ya ndege katika kampuni ya Boeing, ilitoka mwaka 1956, na Ray Clough wa Berkeley ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina lake mwaka 1960.

Leo taaluma hii ina matawi mengi, na ni vyema uyajue angalau kwa majina kabla hujamwandikia mtu yeyote. Wako wanaochunguza jinsi nyufa zinavyoanza na kutambaa, wakiwemo wanaotumia peridinamiki, nadharia iliyoanzishwa na Stewart Silling mwaka 2000 ili kuepuka matatizo ambayo ufa huleta katika milinganyo ya kawaida. Wako wanaotumia moja kwa moja maumbo ya programu za usanifu katika hesabu, njia iliyopendekezwa na Thomas Hughes na wenzake mwaka 2005. Wako wa biomekanika, wanaopima mikazo katika mifupa na mishipa ya damu, na wako wanaofundisha mitandao ya neva bandia kutii sheria za fizikia. Tawi hili la mwisho linapendwa sana kwa sasa, nami sina ugomvi nalo, ila nimeona vijana wengi wakilikimbilia kabla hawajaweza kuchora mchoro wa nguvu zinazotenda kwenye ngazi iliyoegemea ukuta.

Hatua ya pili: Fanya hesabu moja ndogo, uihakiki kwa njia tatu

Usiombe nafasi popote kabla hujamaliza zoezi hili au linalofanana nalo. Halihitaji fedha nyingi wala maabara.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea, ununue kipande cha chuma bapa chenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 10. Kibane kwenye jiliwa kikiwa kimelala, ili mita 1 kamili ibaki nje ikielea hewani. Weka alama ya mahali ncha ilipo, kisha ning'iniza mzigo wa kilo 10 kwenye ncha hiyo na upime kwa rula imeshuka kiasi gani. Kumbuka kwamba kabla hujaweka mzigo wowote chuma chenyewe, ambacho kwa urefu huo kina uzito wa karibu kilo 4, kimekwisha kujishusha kwa karibu milimita 6, ndiyo maana unaanza kupima kutoka pale ncha ilipotulia na si kutoka kwenye mstari mnyoofu.

Sasa kaa na kalamu. Kilo 10 ni nyutoni 98, tuseme 100. Ugumu wa chuma, yaani moduli ya Young, ni nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba. Momenti ya pili ya eneo ni upana mara unene kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12, ambayo hapa inatoa 4,167. Mshuko wa ncha ni mzigo mara urefu kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa mara tatu ya zao la moduli na momenti hiyo, na jibu ni milimita 40. Mkazo mkubwa kabisa, ambao uko juu na chini ya chuma pale kinapotoka kwenye jiliwa, ni megapaskali 120, kiwango ambacho hakifiki nusu ya megapaskali 250 ambapo kwa kawaida chuma laini huanza kuharibika umbo bila kurudi.

Njia ya tatu ni kompyuta. Chora boriti hiyo hiyo katika programu ya elementi fainiti, ukachague kwa makusudi elementi dhaifu kuliko zote, yaani piramidi zenye nyuso nne za pembetatu na nodi kwenye pembe zake nne peke yake, tabaka moja tu katika unene. Programu itakupa mshuko ulio pungufu sana ya milimita 40, na itakupa jibu hilo kwa rangi za kuvutia bila onyo lolote. Kisha badilisha uweke elementi zenye nodi za katikati ya kingo, na jibu litasogea karibu kabisa na 40. Hapo umejionea kwa macho yako kwamba elementi rahisi haijui kupinda, na kwamba inapolazimishwa hujifanya ngumu kuliko chuma kilivyo. Endelea kusaga wavu, yaani ule mkusanyiko wa vipande vyote, ili vipande viwe vidogo zaidi na zaidi, uandike kila mara mshuko na mkazo. Utaona mshuko unatulia, lakini mkazo wa ile kona ambapo boriti imeshikwa na ukuta, ambao kwenye hesabu umechukua nafasi ya jiliwa, unazidi kupanda kila ukisaga, wala hautatulia kamwe, kwa sababu ukuta usiosogea hata kidogo ni wa kwenye hesabu tu, haupo duniani. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini namba moja ilitulia na nyingine ikakataa amekwisha kuzungumza lugha ya watafiti.

Inabaki tofauti kati ya kompyuta na rula. Tuseme umepima milimita 45. Usiifiche. Chukua vernia upime unene, na huenda ukakuta chuma kilichouzwa kama milimita 10 kina 9.6. Kwa kuwa unene unaingia kwa kipeo cha tatu, upungufu huo mdogo peke yake unaongeza mshuko kwa asilimia 13, na hapo zile milimita 45 zimepata maelezo. Ikiwa bado kuna kilichobaki, itazame jiliwa yenyewe, maana mara nyingi meno yake hulegea na meza iliyofungwa huyumba. Andika yote haya katika kurasa nne zenye michoro miwili au mitatu, na uweke faili zako za hesabu mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzifungua na kuzirudia.

Uzito wa zoezi hili hauko kwenye chuma bapa. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger nchini Norwei, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulipasuka wakati ukijaribiwa kwa kuzamishwa, ukazama wote na kusagika chini ya bahari. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba wavu wa elementi fainiti ulikuwa hafifu mahali ambapo kuta za mitungi ya zege zilikutana, hivyo mikazo ya mkato ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na pia nondo hazikupangwa vya kutosha mahali hapo. Hesabu za uangalifu zaidi zilizofanywa baada ya ajali zilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62, ilhali ulivunjika kwenye mita 65. Kalamu na dakika chache zingetosha kutilia shaka namba iliyotoka kwenye kompyuta.

Hatua ya tatu: Chagua programu unazoweza kuzitumia kihalali

Vijana wengi hujifunzia kwenye programu za kibiashara zilizovunjwa kufuli, kisha wanaziandika katika wasifu wao bila kujua kwamba msomaji wa upande wa pili anajua bei ya leseni na anaweza kukuuliza uliipata wapi. Hakuna sababu ya kujiingiza katika aibu hiyo. CalculiX ni ya bure, na faili zake zinafanana sana na za Abaqus, mojawapo ya programu za kibiashara, hivyo ukizoea moja hutapotea katika nyingine. Code_Aster, iliyoanzishwa na shirika la umeme la Ufaransa EDF, imetolewa bure tangu mwaka 2001, ingawa sehemu ya maelezo yake inahitaji uvumilivu na Kifaransa kidogo, jambo ambalo kwa msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi ni faida. FEniCS inamfaa anayetaka kuandika milinganyo yake mwenyewe kwa Python, na OpenSees ya Berkeley ni ya watu wa matetemeko na majengo. Ansys nayo hutoa toleo la bure la wanafunzi lenye kikomo cha ukubwa wa wavu, ambalo linatosha kabisa kwa boriti yetu.

Laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia. Kinachohitaji muda ni kujiandikia mwenyewe programu ndogo ya elementi fainiti, hata ikiwa ya fito za paa tu, kwa mistari mia moja au mia mbili ya Python. Ni kazi ya wiki mbili za jioni. Ukishaifanya, hutaiogopa tena programu kubwa, kwa maana utakuwa unajua kilichomo tumboni mwake.

Hatua ya nne: Tafuta swali linalokuhusu

Ombi la utafiti linalosema kwamba mwombaji "anapenda uigaji wa kompyuta" linafanana na maelfu mengine. Lenye swali lake husomwa hadi mwisho, na kwa upande wetu wa Afrika maswali hayo yamelala barabarani yakisubiri mtu wa kuyaokota.

Chukua Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Mtafiti atauliza: ukuta wa aina hii hubeba mkazo kiasi gani ukiwa mkavu, na kiasi gani baada ya chumvi na unyevu wa miaka mingi? Ufa ukianza huelekea wapi? Mawe hayo hayafuati sheria ya Hooke kwa uaminifu, wala hayafanani kila upande, na kuyaiga kwa kompyuta ni kazi inayotosha shahada nzima ya uzamivu.

Au chukua bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba linatakiwa kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 50. Chuma kikipata joto hutaka kurefuka, lakini kilichofukiwa ardhini hakina pa kwenda, na kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hukiachia mbano wa karibu megapaskali 2.4. Joto likipanda kwa nyuzi 30 juu ya lile la siku bomba lilipofukiwa, tayari umefika megapaskali 72 kabla hujahesabu shinikizo la mafuta yaliyomo. Kwenye kona, kwenye vituo na mahali udongo unapotitia, hesabu hiyo rahisi haitoshi tena, na hapo kuna swali la utafiti.

Msomaji wa Bukoba analikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 na jinsi nyumba za tofali zilivyopasuka. Aliye karibu na hospitali ya mifupa anaweza kuuliza kuhusu vyuma vinavyofungwa kwenye mifupa iliyovunjika katika ajali za bodaboda. Lichague lile ambalo unaweza kwenda kuligusa kwa mkono wako.

Hatua ya tano: Mwandikie msimamizi barua fupi

Katika nchi nyingi nafasi ya uzamivu hutolewa na profesa mmoja mwenye mradi na fedha zake, wala si na ofisi ya udahili peke yake. Ni lazima kwa hiyo ujue nani anafanya nini. Makala nyingi za taaluma hii huwekwa bure kwenye hifadhi ya arXiv kabla ya kuchapishwa, na vyuo vya Tanzania vinaweza kusoma majarida ya kulipia kupitia mpango wa Research4Life, jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui mpaka wamuulize mkutubi. Soma makala mbili za mtu unayemlenga. Huna haja ya kuzielewa zote, lakini ujue swali lake ni lipi na alikwama wapi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilituma barua moja ile ile kwa maprofesa zaidi ya thelathini, nikibadilisha jina tu, na katika barua mbili nikasahau hata kulibadilisha. Nilijibiwa na mmoja, aliyeniambia kwa upole kwamba mimi si wa kwanza kumwita kwa jina la mwenzake.

Barua inayofaa ina aya tatu. Ya kwanza inasema wewe ni nani, unamaliza lini na unaomba nini, kwa sentensi mbili. Ya pili ndiyo roho ya barua: taja makala yake moja na jambo mahususi ndani yake, kisha useme ulichofanya wewe. Hapa ndipo zile kurasa nne za boriti zinapofanya kazi. Andika kwamba ulipima mshuko wa milimita 45, kwamba kalamu ilitoa 40, kwamba tofauti ilitokana na unene halisi wa chuma, na kwamba faili zote zinapatikana mahali fulani. Profesa anayepokea barua kumi kwa siku atasimama hapo. Aya ya tatu inauliza swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: je, atakuwa na nafasi mwakani? Usimwage sifa, usimwite kwa vyeo vitatu mfululizo, wala usiambatishe vyeti kumi na viwili. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache.

Waalimu wako wa nyumbani nao wahitaji kushughulikiwa mapema. Barua ya mapendekezo inayosema kwamba mwanafunzi ana nidhamu na alikuja darasani haimsaidii mtu. Mpelekee mwalimu wako zile kurasa nne, umwombe aandike juu ya kazi hiyo, na umpe mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho.

Hatua ya sita: Jua fedha zinatoka wapi

Nchini Ujerumani, Uholanzi na Uswidi mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo mwenye mkataba na mshahara, hivyo nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote na unaomba kwa wakati inapotangazwa. Shirika la DAAD la Ujerumani hufadhili pia masomo ya uzamili na uzamivu, likiwa na programu za watu wa nchi zinazoendelea na nyingine za kusomea ndani ya Afrika yenyewe. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kina shahada ya uzamili ya mekanika ya kompyuta inayofundishwa kwa Kiingereza. Nchini Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, ada ikalipwa na posho ikatolewa kwa kuwa msaidizi wa utafiti au wa ufundishaji. Maombi ya kuanza mwezi wa nane hufungwa kati ya Desemba na Januari, na ni ruhusa kuomba usamehewe ada ya maombi, jambo ambalo wengi wetu huona haya kulifanya bila sababu. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na chuo cha Swansea, alikofundisha Olgierd Zienkiewicz, mmoja wa waanzilishi wa mbinu ya elementi fainiti, kimeendelea kuwa na jina katika taaluma hii.

Usidharau njia za karibu. Chuo Kikuu cha Cape Town kina CERECAM, kituo cha utafiti wa mekanika ya kompyuta chenye heshima duniani, na mjini humo humo kuna kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika (Pan African University) kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia katika chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya, inayotoa ufadhili kwa wanafunzi kutoka nchi zote za bara. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, mjini Kigali inampa mwanahisabati mwaka mmoja wa uzamili wa kujiimarisha, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, zinapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kwa walio upande wa Ghuba, KAUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, kaskazini mwa Jedda nchini Saudi Arabia, imezoea kuwalipia ada na posho wanafunzi wake wa uzamivu, nayo ina watu wanaofanya utafiti wa kina juu ya nyenzo za mchanganyiko wa nyuzi.

Kwa anayetaka kuonja kwanza, CISM, kituo cha kimataifa cha sayansi za mekanika kilichoanzishwa mwaka 1968 mjini Udine, Italia, huendesha kozi za wiki moja za mekanika.

Hatua ya saba: Vizuizi usivyoambiwa mapema

Uingereza humtaka mwombaji wa baadhi ya masomo ya uzamili na uzamivu, uhandisi wa mitambo ukiwemo, apate cheti cha usalama kiitwacho ATAS kabla ya viza. Hakilipiwi, lakini huchukua wiki kadhaa, nacho huomba maelezo ya utafiti wako kutoka kwa msimamizi, hivyo anza mara tu unapokubaliwa. Nchini Marekani, maabara za taifa zinazohusika na silaha za nyuklia, kama Sandia na Livermore, zina kazi nyingi ambazo hupewa raia peke yao, na kampuni za roketi na ndege za kivita zimefungwa na sheria za aina hiyo hiyo. Ukijua hilo, utachagua mada ambayo haitakufungia mlango siku unapomaliza: mifupa, matairi, mitambo ya upepo, zege, vifaa vya elektroniki.

Na mtu yeyote anayekudai fedha ili "akushikie" nafasi ya uzamivu ni tapeli. Ada halali ni ile ya maombi inayolipwa kwa chuo chenyewe, ya mtihani wa lugha na ya viza.

Hatua ya nane: Kazi bila uzamivu, na kazi za nyumbani

Si lazima kila anayependa mekanika awe daktari wa falsafa. Mchambuzi wa miundo mwenye shahada ya uzamili, na wakati mwingine ya kwanza tu, hupata kazi katika magari, ndege, mitambo ya umeme, meli na vifaa vya hospitali. Kampuni zinazotengeneza programu zenyewe huajiri pia watu wa kuwasaidia wateja na wa kupima kama programu inatoa majibu sahihi. NAFEMS, chombo kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1983, kimejijengea jina kwa mifano ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana, na mtu aliyeipitia michache kati ya hiyo ana la kusema kwenye usaili.

Katika usaili wa kazi hizi utaonyeshwa picha ya rangi nyekundu na bluu, uulizwe unaiamini au huiamini. Anza na mizigo: je, jumla ya nguvu kwenye viegemeo inalingana na mzigo uliowekwa? Fuata na umbo lililopinda: limepinda upande unaotarajiwa? Kisha wavu, kisha mkazo. Anayeanza na rangi nyekundu ameshajikwaa.

Kwa Tanzania, nafasi zenye jina la mekanika ya kompyuta bado ni chache kwenye matangazo, lakini kazi yenyewe ipo ndani ya ofisi za washauri wa madaraja, reli, mabwawa na mabomba, ambako uchambuzi mwingi umekuwa ukiletwa umekwisha kufanywa nje. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 lina urefu wa kilomita 3, na mtu atahitajika kulifuatilia, kupima jinsi linavyotikisika na kulinganisha na hesabu kwa miaka mingi ijayo. Mhitimu aandikishwe kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na aombe kuingia katika mpango wa SEAP, ambao tangu mwaka 2003 umekuwa ukiwaweka wahandisi wahitimu chini ya wakongwe wao kwa mafunzo ya kazini. Kenya ina bodi yake, yenye utaratibu unaofanana na huo. Aliyesoma nje atatakiwa pia shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo kabla hujaondoka kwenye chuo cha ugenini chukua nakala rasmi za matokeo zaidi ya moja, zilizofungwa kwenye bahasha na kupigwa muhuri. Kuzifuatilia baadaye kwa barua pepe kutoka Dar es Salaam ni kazi ya miezi.